"Tueleze kuhusu wewe": namna ya kujitambulisha kwenye usaili wa kazi

"Kwa majina naitwa fulani, nimezaliwa Kilosa, ni mtoto wa tatu kati ya watoto sita, elimu ya msingi nilisoma..." Kwa miaka niliyokaa upande wa wasaili, utambulisho wa namna hii nimeusikia kuliko mwingine wowote. Hauna uongo wala utovu wa adabu. Tatizo ni kwamba mengi ya hayo yamo kwenye wasifu ulioutuma, na nakala yake iko mezani mbele yetu. Sisi tunataka kusikia jambo jingine: tukikupa kazi hii, utaifanyaje?

Namkumbuka dada mmoja aliyeomba ukeshia kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo. Alitumia dakika nne kutaja shule zake zote. Mwishoni kabisa, alipoulizwa kama ana la kuongeza, akasema kwa sauti ya chini kuwa aliwahi kuendesha kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu kwa miaka miwili. Miaka miwili ya kushika fedha za watu! Alikuwa ameificha kwa kudhani si kazi ya ofisini, na alama za utambulisho tulikwishazijaza. Iliniuma, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Hatua ya 1: Lisome tangazo ukiwa na kalamu

Nenda kwenye majukumu, pigia mstari vitenzi. Tangazo la keshia litasema kupokea na kulipa fedha, kufunga hesabu za siku, kuhudumia wanachama. Chagua matatu unayoyaweza zaidi. Mengine yaache, utaulizwa.

Hatua ya 2: Kila jukumu litafutie tukio

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema "sina uzoefu." Kaa na karatasi, ukumbuke vizuri. Mafunzo kwa vitendo uliyofanya ukiwa chuoni yanahesabika. Kuuza dukani kwa mjomba kunahesabika. Uweka hazina wa kwaya au wa kikoba ni kushika fedha zisizo zako na kuzitolea hesabu mbele ya watu, na hilo si jambo dogo. Andika ulifanya nini kwa mkono wako, kwa muda gani, kiasi gani. "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu" usiandike, maana kila msailiwa huyasema hayo na hakuna msaili anayeweza kuyapima.

Hatua ya 3: Unganisha yawe maelezo ya dakika moja na nusu, yasizidi mbili

Anza na wewe ni nani kikazi, fuata na ulichofanya, malizia na kwa nini hapa. Dada yule angeweza kusema hivi, baada ya kutaja majina yake:

"Nina stashahada ya uhasibu, na kwa miaka miwili nimeendesha kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu Mbagala. Nilikuwa napokea na kutoa fedha, nagawa mtaji kati ya floti, yaani salio la kwenye simu, na fedha taslimu, na nafunga hesabu kila jioni. Siku moja ilipungua shilingi 20,000. Nilipitia miamala mmoja mmoja nikakuta mteja nimemlipa mara mbili, nikampigia, akarudisha. Tangu hapo sitoi fedha kabla ya kuandika daftarini. Wateja wangu wengi walikuwa mama lishe na wazee, na wengine walikuja na ule ujumbe wa matapeli wa 'ile hela tuma kwenye namba hii', nikawazuia wasitume. Wanachama wenu ni watu wa aina hiyo hiyo, ndiyo maana nimeomba nafasi hii."

Ona zile shilingi 20,000. Watu huogopa kutaja kosa, lakini kosa lililofuatiliwa likarekebishwa humwonyesha msaili namna unavyofanya kazi kuliko sifa kumi.

Hatua ya 4: Jirekodi kwa simu

Usikariri neno kwa neno. Ukisahau moja utakwama. Kariri mpangilio tu. Sikiliza unavyorudiarudia "kiukweli" na "yaani", kisha rekodi tena. Fanya hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu lugha ya kujibia hufuata lugha uliyoulizwa.

Hatua ya 5: Mlangoni

Bisha hodi, ingia, salimia kabla ya kukaa, subiri ukaribishwe kiti. Vijana huniuliza: "Shikamooni" au "Habari za asubuhi"? Ukiona mezani kuna mtu wa umri wa wazazi wako, sema "Shikamooni" mara moja kwa wote. Kama wote ni rika lako au wamekuzidi kidogo, "Habari za asubuhi" inatosha. Usizunguke ukimsalimia mmoja mmoja.

Majina yako yataje kama yalivyo kwenye vyeti. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia ajira za serikalini, vyeti halisi huhakikiwa, na majina yanayotofautiana huhitaji hati ya kisheria ya kuyathibitisha. Lishughulikie hilo mapema, siyo asubuhi ya usaili.

Hatua ya 6: Ukimaliza, nyamaza

Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Umeshasema kwa nini umeomba nafasi, chumba kimekuwa kimya, na moyo unakusukuma uongeze jambo. Wasaili wameinamisha vichwa kwa sababu wanaandika uliyoyasema. Weka mikono mapajani, uwaache waandike.