Kukusanya vitabu vya zamani ukiwa Uganda: anza na ramani, kava baadaye

Watu wakisikia mtu anakusanya vitabu vya zamani wanawaza mzungu mwenye jumba kubwa na ngazi ya mbao ya kupandia rafu, kumbe hata wewe wa Ntinda au Jinja mwenye mshahara wa kawaida unaweza, ila kubali jambo moja mapema: Darwin hautanunua. Toleo la kwanza la kile kitabu chake cha 1859, On the Origin of Species, zilichapwa kopi 1,250 tu na ikitokea moja mnadani inaondoka kwa pesa ya kujenga nyumba na kubaki na chenji, basi hiyo tuwaachie wenyewe. Nafasi yetu sisi iko kwenye vitabu vilivyoandikwa kuhusu huku, na zaidi sana vilivyochapwa huku huku, maana muuzaji wa London anaijua bei ya kitabu cha Speke, yule Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Nile, hata ukimuamsha usiku, lakini kijitabu chembamba cha Government Printer, mchapaji wa serikali pale Entebbe, hana habari nacho.

Kwa hiyo kwanza chagua kona yako na uifanye ndogo. "Safari, sayansi na falsafa" sio kona, hiyo ni maktaba nzima. Kona ni kama: wasafiri waliopita Bunyoro. Au mlima Rwenzori tu. Au magonjwa yaliyochunguzwa Uganda. Ukiwa na kona ndogo unajifunza haraka na muuzaji hawezi kukudanganya kirahisi, tena pesa haitawanyiki.

Tuanze na safari kwa sababu ndo wengi wanakoanzia. Majina makubwa unayajua: Speke 1863, Samuel Baker na kitabu chake cha ziwa Albert 1866 juzuu mbili, Stanley 1878 na tena 1890, Lugard 1893, Harry Johnston 1902. Hivi vilikuwa vitabu vya kuuzwa sana wakati wake, kwa hiyo vya kale ndiyo, adimu kivile hapana. Speke wa toleo la kwanza anapatikana mwaka wowote ukiwa na dola zako mamia kadhaa, na kopi nzuri inaweza kupita elfu. Mimi nikiulizwa nitasema kama uko Jinja mtafute hata akiwa amechakaa, kwa sababu mle ndani kuna picha ya kuchongwa ya maporomoko ya Ripon, na yale maporomoko yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954, leo ukienda pale unaonyeshwa maji tu na kibao.

Lakini kuna kimoja watu wanakipita. 1902 Apolo Kagwa, Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, alienda Uingereza kwenye kutawazwa kwa Edward VII akiwa na katibu wake Ham Mukasa, na Mukasa akaandika safari yote, kikatoka London 1904 kwa Kiingereza. Yaani hiki ni kitabu cha safari kilichogeuzwa, sisi ndo tunawashangaa wao, meli yao, treni yao, chakula chao. Kwangu mimi mkusanyo wa safari wa Mganda usio na Mukasa una pengo. Angalia tu usiuziwe toleo la 1975 la Heinemann lililohaririwa na Taban lo Liyong kwa bei ya 1904, ni zuri sana kusoma ila sio lile.

Sasa hapa kwenye kukagua ndo naomba utulie kidogo, pesa nyingi inapotelea hapa. Ukishika kitabu usianze na kava. Wengi wanaona dhahabu mgongoni wanatoa noti. Vitabu vya safari vya karne ya 19 vilikuja na ramani za kukunjwa, na ramani ndo kitu cha kwanza kuibiwa, mtu anaichomoa anaitia kwenye fremu anaiuza peke yake kwa bei karibu na ya kitabu kizima. Basi fungua mbele kwenye orodha ya picha na ramani, chukua karatasi yako, alafu pitia ukurasa kwa ukurasa unatiki. Vingine vinakusaidia vyenyewe, mfano Johnston ukurasa wake wa jina unatangaza picha 506, kurasa 48 za rangi alizochora mwenyewe na ramani 9, sasa hiyo si risiti kabisa? Hesabu. Zikitimia 48 shukuru Mungu, zikiwa 46 bei ishuke, na ishuke sana sio kidogo.

Pitisha kidole taratibu kwenye mshono wa katikati. Ukigusa kipande chembamba cha karatasi kimesimama peke yake, upana wa kucha, ukingo wake umenyooka wa wembe au una manyoya ya kuchanwa, na ukurasa wa jirani umebaki na kivuli cha kahawia chenye umbo la pembe nne ambacho hakilingani na kitu chochote kilichobaki mle, basi hapo palikuwa na picha au ramani na imeondoka. Wakati mwingine ramani zilikaa kwenye mfuko wa ndani ya kava la nyuma, kwa hiyo mfuko mtupu nao unasema. Ramani ikiwepo ifungue, usiogope, ila ifungulie juu ya meza na uifuate mikunjo yake ile ile, ikichanika pale mikunjo inapokutana hiyo ni kawaida, selotepu ndo mbaya.

Alafu mwaka. Vingi vya zamani vimeandikwa mwaka kwa namba za Kirumi, MDCCCLXIII ni 1863, jifunze kuzisoma haraka maana unaweza kuwa umesimama kando ya barabara na mwenye kitabu anakuangalia usoni. Na geuza nyuma ya ukurasa wa jina uone kama kuna mwaka mwingine. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni ya Frank Cass ya London ilichapa upya vitabu vingi vya Afrika, mfano mmisionari Roscoe na kitabu chake kuhusu Baganda cha 1911 kilirudi 1965, kava gumu, sura ya heshima, na mtu akikuandikia "Roscoe original" inaweza kuwa hicho. Siku hizi kuna ubaya zaidi, kampuni zinazochapa kopi moja moja kutoka kwenye skani ya intaneti, ukurasa wa jina wa zamani upo pale pale na 1863 yake, kumbe kitabu kimetoka kwenye mashine mwezi jana. Dai picha ya karatasi yenyewe kwa karibu, na ya mgongo. Muuzaji anayekataa kutuma picha zaidi mwache.

Sayansi huku kwetu inahitaji jicho lingine kwa sababu mambo makubwa hayakutoka kama vitabu. Daktari Robert Felkin aliona upasuaji wa kutoa mtoto tumboni ukifanywa na mganga wa Bunyoro 1879, mama akapona na mtoto pia, akaja kuandika kwenye jarida la madaktari la Edinburgh 1884. Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alitangaza ule uvimbe wa taya za watoto 1958 kwenye jarida la wapasuaji la Uingereza. Virusi vya Zika vilipatikana kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe 1947, makala ikatoka 1952. Unatafuta nini sasa? Zamani jarida likitoa makala yako lilikupa nakala zake za pembeni, vijikaratasi vyenye stepo mbili, uwagawie wenzako. Hivyo vinalala kwenye mafaili ya madaktari na walimu waliostaafu, hakuna anayevijali, na ukikuta kimoja kina sahihi ya mwandishi basi umepata kitu ambacho maktaba kubwa zingekitaka. Ukitaka kitu cha kuwekwa mezani wageni wakione, kuna kile kitabu cha 1908 cha Filippo de Filippi kuhusu safari ya Duke wa Abruzzi kupanda Rwenzori 1906, picha za Vittorio Sella, theluji yote ile ambayo leo imepungua vibaya. Ila bei yake bana.

Na kuna Uganda Journal, jarida la Uganda Society, ilianza 1934, jiolojia, ndege, historia, kila kitu mle. Mle ndo zilitoka makala kuhusu wafalme wa Bunyoro-Kitara zilizosainiwa K.W. tu, ambaye ni Omukama (mfalme) Tito Winyi. Namba moja moja hazina bei kali, seti ndo ngumu, kwa hiyo andika kwenye simu namba unazokosa uwe unatembea nazo. Kabla haujanunua chochote nenda kwanza ukazione zilizokamilika zinafananaje, maktaba ya Uganda Society ipo mle ndani ya Makumbusho pale Kira Road, na Makerere nayo ina sehemu yake ya vitabu vya Afrika. Kuangalia kopi nzuri ni shule ya bure.

Falsafa nitapita haraka. Padri Tempels na kitabu chake cha falsafa ya Kibantu 1945, Elisabethville (Lubumbashi ya leo, Kongo), hiyo ya kwanza ni ngumu kuipata. John Mbiti alitoa African Religions and Philosophy 1969 wakati anafundisha Makerere, hiyo ya kwanza bado inaokoteka kwenye mabox. Mshairi Okot p'Bitek alikuja kuwashambulia wasomi wa Magharibi walioandika kuhusu dini za Kiafrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, vitabu vyake vikichapwa na East African Literature Bureau, karatasi mbaya, gundi mbaya, ndo maana zilizobaki nzima ni chache. Ongeza Transition, jarida la Rajat Neogy lililoanza Kampala 1961, namba za mwanzo chukua ukiziona usibishane sana.

Utapata wapi? Tovuti za AbeBooks na viaLibri ni za kujifunzia bei zaidi kuliko kununulia, maana kitabu cha juzuu mbili ni kizito na posta inaweza kulingana na bei yake. Hapa nyumbani ni wauza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara, shule za misheni zinazosafisha stoo, na familia. Familia ndo penyewe. Jajja (babu au bibi) akifariki watoto wanagawana kibanja, vitabu vinaenda kuwashia sigiri (jiko la makaa). Usiende msibani kuuliza vitabu tafadhali, acha hata miezi ipite, alafu nenda na mtu wanayemjua, na kama kitu ni cha thamani waambie ukweli, hawa ni watu utakutana nao tena kanisani au msikitini.

Kwa muuzaji wa barabarani mambo ni hivi:
"Mzee habari za kazi, hiki unanipa ngapi?"
"Ssebo hiki cha zamani sana, cha wazungu, laki tatu."
"Cha zamani kweli mzee wangu, lakini ramani yake iko wapi? Ona hapa imekatwa."
Anaangalia, anacheka, "Ah, leta laki na nusu tuelewane."
Umri peke yake haufanyi bei, na ukimuonyesha kasoro kwa heshima hakasiriki.

Stempu ya maktaba usiipuuze. Kama hakuna alama ya kuonyesha kuwa maktaba ilikitoa yenyewe, piga simu maktaba husika uliza, na kikiwa cha kuibiwa kirudishe au kiache pale pale. Na kama unafikiria kutoa nje ya nchi kitu cha zamani sana au maandishi ya mkono, waulize watu wa Makumbusho kwanza, sheria zipo.

Utunzaji, sasa. Adui ni unyevu na mchwa. Wamisheni waliligundua hili mapema, Biblia ya Luganda ya 1896 kuna iliyochapwa nyembamba kwa upana na nene kwa unene makusudi iingie kwenye kopo la biskuti, mchwa wasiifikie. Wewe weka rafu ya chuma, isiguse ukuta, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na acha nafasi nyuma hewa ipite. Kipima unyevu cha bei ndogo kinatosha, kikikaa juu ya asilimia 60 siku nyingi ukungu unakuja, fungua madirisha siku kavu au washa feni. Usifunge kitabu kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ukakiacha, kitatoa jasho. Kaveera ni kwa kazi moja tu: kitabu kipya kilichoingia nyumbani na vidudu, kifunge vizuri hewa isiingie, kitie kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kitoe na usifungue mpaka kirudi joto la kawaida, siku nzima hivi.

Glovu nyeupe za kwenye sinema achana nazo, zinakufanya uchane kurasa, nawa mikono ukauke basi. Penseli tu, kalamu hapana. Na usipeleke kitabu cha 1902 kwa fundi anayejalidi tasnifu za wanafunzi, atakipiga mashine akate kingo zote ziwe sawa na hapo nusu ya thamani imeanguka sakafuni. Kava likiachia lifunge kwa utepe wa pamba usio na rangi, likae hivyo hivyo mpaka upate mtu anayejua. Na vya miaka ya 1940 mpaka 1970 vichunge kuliko vya 1750, kweli kabisa, karatasi ya matambara ya zamani ile inadumu, hii ya mbao ina asidi inajila yenyewe.

Mwisho fungua faili kwenye kompyuta, kila kitabu mstari mmoja: mwaka, mchapishaji, ramani ngapi zipo na ngapi hazipo, ulikitoa kwa nani, ulilipa kiasi gani, picha ya ukurasa wa jina. Kopi ya faili mtumie mtu mwingine wa nyumbani, na umwambie rafu ipi ni ya sigiri na ipi sio.