Windows ikidai nenosiri la msimamizi, tazama kwanza jina la faili
Kijiprogramu changu cha kuhesabu kopi za wateja hapa dukani Lamu kilikuwa kikidai nenosiri la msimamizi kila kikifunguliwa. Kumbe kosa ni jina: nilikiita "update-hesabu.exe". Tangu toleo la Vista, Windows ikiona "install", "setup" au "update" kwenye jina la programu ya biti 32 isiyo na manifesti (maelezo yaliyo ndani ya programu) ya kutaja haki inazotaka, hukisia kuwa ni kisakinishi, yaani programu ya kuweka programu nyingine kwenye kompyuta, na hivyo hudai ruhusa ya msimamizi. Badilisha jina tu, changu sasa ni "hesabu.exe", na kimya. Haisaidii kama manifesti yenyewe ndiyo inayodai usimamizi. Na kama kweli ni kisakinishi, kitafunguka halafu huenda kikakwama katikati. Faili la kuletewa na usiyemjua, lakini, usilibadilishe jina; bonyeza hapana.