Kuchoma insulini nyumbani bila kuumia, kwa sisi tunaoishi kwenye joto la Mtwara

Naandika hii kwa yeyote aliyetoka kliniki ya sukari leo na kamfuko ka dawa mkononi, ameelekezwa haraka haraka akaitikia ndiyo ndiyo, kufika nyumbani kila kitu kimefutika kichwani. Ndo tulivyokuwa mimi na mama. Tuko Mikindani, mama ana mikorosho yake, na mwanzoni mimi ndo nilikuwa namchoma mpaka alipozoea kujichoma mwenyewe. Idadi ya yuniti, yaani kipimo cha insulini, sitaiandika hapa, hiyo ni ya daktari wako, na usiige ya jirani hata kama mna sukari wote.

Nianze na bomba la sindano maana hapo watu wanaumia kimya kimya. Insulini ukiona imeandikwa 100 IU/ml maana yake kila mililita moja ina yuniti 100, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Bomba nalo lazima liandikwe U-100, mara nyingi kofia yake ni rangi ya chungwa. Yapo mengine ya U-40, mara nyingi kofia nyekundu, mistari yake imepimwa kwa insulini nyepesi, sasa ukivuta mpaka mstari wa 20 kwenye bomba la U-40 wakati dawa yako ni ya U-100, umevuta yuniti 50! Mara mbili na nusu. Siku moja mabomba yaliisha nikanunua dukani, muuzaji akanipa ya kofia nyekundu akasema ni yale yale tu, nikavuta, nikawa naangalia mbona leo dawa imejaa hivi kuliko jana, nikaiweka mezani nikaanza kusoma maandishi. Mama keshafunua tumbo ananisubiri. Mpaka leo nikishika bomba nasoma kwanza, na bomba la kawaida la mililita 5 usilitumie kabisa.

Kuhusu kutunza. Vichupa ambavyo hujafungua vikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, rafu ya katikati, siyo kwenye freeza. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona nzuri, tupa. Uliyoifungua inaweza kukaa nje ya friji wiki 4 kama joto halizidi nyuzi 30, andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu. Ila chumba cha bati mwezi wa 11 hapa kwetu nani anapata nyuzi 30 mchana? Kama huna friji au umeme ni wa kukatika katika, chukua chungu kikubwa, weka chungu kidogo ndani yake, kati ya vyungu hivyo viwili jaza mchanga uliolowana, kichupa kifunge kwenye mfuko wa nailoni kisiloe ukiweke ndani ya kile chungu kidogo, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini panapopita upepo. Unyevu wa pwani unafanya kisipoe sana kama bara lakini kinasaidia kweli. Ukisafiri kwenda Dar dawa usiiweke buti ya basi wala dirishani kwenye jua, kaa nayo, na kama umebeba deli la barafu izungushie taulo isigusane na barafu.

Sasa kuchoma. Nawa mikono na sabuni. Kama yako ni ile nyeupe kama maji ya tui, ibiringishe taratibu kati ya viganja mara 10 au zaidi mpaka ichanganyike sawa, usiitikise kama chupa ya juisi, na ukiona madonge au chembe zimeganda kwenye kioo usitumie. Ile isiyo na rangi lazima iwe safi kama maji, ikiwa na ukungu iache. Futa kile kifuniko cha mpira, vuta hewa sawa na kipimo chako, isukumie ndani ya kichupa, pindua kichupa kichwa chini, vuta dawa, gonga bomba kwa kidole viputo vya hewa vipande uvirudishe, angalia mstari tena. Bana ngozi, ingiza sindano wima, mtu mwembamba sana ilaze kidogo, sukuma, hesabu mpaka 10 ndo utoe.

Mahali pa kuchoma ni tumbo vidole viwili kutoka kwenye kitovu, mapaja upande wa nje, au makalio, na kila siku unahama kidogo. Mama alikuwa anapenda pale pale kushoto kwa kitovu kwa sababu hapaumi, kumbe paliota uvimbe laini wa ukubwa wa korosho na insulini ikiingia hapo inanyonywa inavyotaka yenyewe, leo sukari 15 kesho 5. Alipohama pale namba zikaanza kutulia. Kwa hiyo papase kwa vidole kabla hujachoma, penye uvimbe papumzishe, ila mwambie daktari maana kipimo kinaweza kuhitaji kupunguzwa.

Na hili naomba mlisikie vizuri, ukishachoma lazima ule. Ile ya mchanganyiko, yenye insulini ya haraka na ya polepole kwenye kichupa kimoja, tunachoma nusu saa kabla ya chakula. Msimu wa korosho mama alichoma saa kumi na mbili asubuhi, uji haujaiva, akasema naokota kidogo nitarudi. Saa tatu nikamfuata, nikamkuta ameinama chini ya mkorosho jasho linamtiririka, anaokota majani makavu anayaweka kwenye ndoo, namuita mama, mama, ananiangalia kama hanijui. Ile ni sukari imeshuka. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, hasira au kuchanganyikiwa, na kwenye mashine ni chini ya 4, zile zinazosoma kwa mamia ni chini ya 70. Mpe vijiko vya chai 3 mpaka 4 vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, subiri dakika 15, pima, kama bado rudia, halafu ale chakula. Korosho haifai hapo, ina mafuta, inachelewa. Akiwa amezimia usimwagie kitu mdomoni, mlaze ubavu, kimbiza hospitali. Na uraka, ile pombe ya mabibo, nao unashusha sukari masaa mengi baadaye, watu wanasikia harufu wanasema kalewa muacheni alale, hapana, mpimeni.

Ukiumwa malaria au unatapika usiache insulini kwa kuwa huli, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa watoto na vijana, wao wakikosa dawa wanaweza kufa ndani ya siku chache. Usiiache pia kwa ajili ya mlonge. Kabla ya Ramadhani pita kliniki wakupangie, na ukiwa umefunga sukari ikawa chini ya 4 fungua, ikizidi 16 vilevile fungua.

Sindano usichangie na mtu, hata mwanao. Zilizotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, sisi tunatumia dumu dogo la mafuta, likifika robo tatu tunalifunga tunarudisha kliniki.