Mtoto wa Kiume Anayesomea Nyumbani Anapoacha Kutulia Ghafla: Mwongozo kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Mvulana wa miaka 10 hadi 12 ambaye hadi majuzi alikuwa akimaliza kurasa mbili za hesabu kabla jua halijakolea, kisha ndani ya wiki chache akawa hashikiki, anainuka kitini kila mara, anauliza swali na kuondoka kabla hajajibiwa, huwapa wazazi wake vishawishi viwili: wengine hukimbilia fimbo, na wengine, hasa wenye simu janja, hukimbilia jina la ugonjwa. Yote mawili ni mapema mno. Tatizo la kudumu la kukosa umakini na utulivu, ambalo wataalamu huliita ADHD, halimzukii mtoto kati ya mwezi mmoja na mwingine. Dalili zake huanza kabla hajatimiza miaka 12, na kwa kawaida mapema zaidi ya hapo, hudumu kwa miezi 6 au zaidi, na huonekana katika mazingira zaidi ya moja. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa mtulivu miaka yote na sasa amebadilika kwa ghafla ana jambo lililoingia, na kazi ya kwanza ya mzazi ni kujua liliingia lini.

Hapo mzazi anayesomesha nyumbani ana faida kubwa, kwa sababu daftari zote ziko kwake. Chukua daftari la kuandikia na la hesabu, anza ukurasa wa mwisho, rudi nyuma taratibu. Usitazame alama za vyema na makosa; tazama mwandiko. Tafuta siku ambayo herufi zilianza kuvuka mstari, tarakimu zikaacha kukaa chini ya wenzake, sentensi zikaanza kukatwa katikati, na kalamu ikaanza kukandamizwa hadi karatasi kutoboka. Ukishaipata tarehe hiyo, andika pembeni mambo yote yaliyotokea nyumbani wiki mbili kabla yake na wiki mbili baada yake: homa, koo kuuma, dawa mpya, kuhama nyumba, ugeni, msiba, simu mpya, wazazi kushinda mikorosho kutwa katika msimu wa mavuno, au rafiki zake kupelekwa jandoni. Kisha waulize watu wengine wanaokaa naye, kama ustadhi wa madrasa, mwalimu wa kwaya, au yule anayewachezesha mpira jioni. Ikiwa huko kote ametulia na anahangaika mezani kwako tu, tatizo lipo katika somo au katika uhusiano wenu. Ikiwa hatulii popote, anza na mwili.

Mwili kwanza

Wazazi wengi hawakumbuki kwamba mtoto asiyekwenda shule hukosa pia huduma zinazopitia shuleni. Dawa za minyoo na za kichocho hutolewa kwa kampeni katika shule za msingi, na mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianzia mwaka 2013 katika mikoa hii hii ya kusini, yaani Lindi, Mtwara na Ruvuma. Mtoto wako hayumo katika orodha ya mwalimu yeyote, basi ni juu yako kwenda kituo cha afya na kuuliza ni lini apewe dawa hizo, na kukagua kama chandarua chake hakijatoboka.

Minyoo midogo inayowasha sehemu ya haja kubwa usiku humnyima mtoto usingizi, na mchana wake unaonekana kama utundu. Kichocho, ambacho watoto hukipata kwa kuoga na kuchezea madimbwi na maji ya mabonde ya mpunga, huleta mkojo wenye damu, hasa matone ya mwisho. Mvulana wa umri huu huona aibu kusema, hivyo muulize waziwazi, na ni afadhali baba au mjomba ndiye aulize. Malaria za kujirudia, minyoo na mlo duni huleta upungufu wa damu, ambao watu wengi hudhani humfanya mtoto alale tu, kumbe humfanya pia awe na hasira za haraka na akili isiyokaa kwenye kitabu. Tazama viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Vikiwa vyeupe, nenda mkapime wingi wa damu. Na kama amezoea kunywa chai ya rangi pamoja na chakula, itenganishe na mlo kwa saa moja au zaidi, kwa kuwa chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayachukua kutoka kwenye mboga na maharage.

Macho na masikio yapimwe pia, hata kama unaona anasikia vizuri. Angalia kama huwa anakodoa macho kwa sekunde chache bila kuitika, halafu anaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichotokea, kwani hiyo huweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha. Mtajie daktari kila dawa anayotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za mafua na ile ya pumu ya salbutamol huweza kumfanya mtoto atetemeke na kukosa utulivu.

Ipo hali moja, wataalamu huiita korea ya Sydenham, ambayo nataka mzazi aijue vizuri, kwa kuwa hufanana sana na ukaidi. Wiki kadhaa hadi miezi kadhaa baada ya maambukizi ya koo, baadhi ya watoto wa miaka 5 hadi 15 huanza kufanya mijongeo wasiyoikusudia: vidole huchezacheza, mabega hupanda, uso hukunjwa, kikombe humtoka mkononi, mwandiko huharibika, na machozi au kicheko huja bila sababu ya maana. Mwambie atoe ulimi nje na autulize. Mara nyingi hushindwa, unarudi ndani wenyewe. Mwambie akubane vidole viwili kwa nguvu moja. Utahisi mkono wake unabana na kulegea, unabana na kulegea. Akilala, mijongeo huisha. Maradhi yanayoleta hali hiyo baada ya koo kuuma huweza pia kuharibu vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu, kwa hiyo usingoje. Mrekodi kwa simu kwa dakika moja, chukua madaftari yake mawili, la zamani na la sasa, umpeleke kwa daktari katika hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa walio Mtwara na Sokoine kwa walio Lindi, au hospitali kubwa iliyo karibu zaidi kama Ndanda au Nyangao.

Jando na umri wake

Miongoni mwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera jando bado lina uzito, na siku hizi mara nyingi hupangwa wakati wa likizo za shule. Mvulana anayesomea nyumbani huguswa nalo kwa njia mbili. Kabla hajapelekwa, wenzake wakiondoka, hubaki peke yake mtaani akisikia ngoma kwa mbali na hadithi za kutisha kutoka kwa waliomtangulia, na hofu ya kisu peke yake inatosha kumvuruga mwezi mzima. Hata wazazi waliokusudia kumtahiri hospitalini, au ambao hawana mpango wowote wa jando, wamweleze mtoto wazi nini kitafanyika, lini na wapi, maana kutojua ndiko kunakomsumbua.

Akisharudi, mambo hugeuka. Ameambiwa kwamba sasa ni mwanamume, kisha asubuhi anakuta mama yuleyule, meza ileile na kitabu kilekile cha kusoma kwa sauti. "Mama, mimi nimeshatoka jandoni," atasema, au hatasema ila atakaa upande na kutikisa mguu. Usimdhihaki, na usimbane akueleze aliyofundishwa huko. Jibu lenye manufaa ni la aina hii: "Ndiyo maana hesabu za korosho mwaka huu utaziandika wewe." Mpe karatasi ya malipo ya chama cha msingi, apige kilo kwa bei ya mnada, atoe makato, aseme familia itabakiwa na kiasi gani. Somo moja au mawili yahamishiwe kwa baba, kaka mkubwa au mjomba, ambaye katika koo za kusini neno lake kwa mpwa lina uzito wa pekee. Lakini kama kidonda cha tohara hakijapona, na mtoto ana homa, au taya linakaza na shingo haigeuki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni pepopunda.

Kwa upande wa maumbile, balehe ya wavulana huanza kati ya miaka 9 na 14, na huja na njaa za ghafla, usingizi uliosogea mbele na hisia zisizotabirika. Hilo halihitaji tiba, linahitaji mlo wa kutosha asubuhi. Chai kavu haimfikishi saa nne. Mihogo, ming'oko ikiwa msimu wake, karanga, yai au kipande cha samaki wa jana vitamfikisha.

Usingizi na ratiba

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Simu ilale chumbani kwa wazazi, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani viondolewe kabisa. Ikiwa anakoroma kila usiku na kulala kinywa wazi, mtajie daktari hilo, kwani huenda mafindofindo yanamzibia pumzi.

Kuanzia Novemba hadi Machi joto la pwani, na nyumba ya bati isiyo na dari, humshinda hata mtu mzima ifikapo saa sita. Masomo mazito yaanze saa moja asubuhi na yaishe saa nne, chini ya mti ikiwezekana. Yagawe katika vipindi vya dakika 20, na katikati mtume jambo lenye uzito wa mwili, kama kuchota maji au kuhamisha kuni, si kumwambia "pumzika" halafu akashika simu. Mruhusu asome akiwa amesimama. Toa agizo moja kwa wakati mmoja, naye alirudie kwa maneno yake kabla hajaanza. Ratiba hiyo ifuatwe kwa wiki nne bila kubadilishwa, ukiandika kila siku mstari mmoja tu juu ya hali yake.

Kuna jambo ambalo wazazi hulikwepa. Mtoto aliyetishwa, aliyepigwa au aliyeshikwa na mtu mzima kwa namna isiyofaa huweza kuonyesha hivi hivi: kushtuka, kutokaa peke yake, kukataa kwenda kwa mtu fulani au mahali fulani alipopapenda, kukojoa kitandani tena. Muulize mkiwa mnafanya kazi pamoja, si uso kwa uso, na akisema, usimkatishe wala usimwahidi kuficha. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, hailipiwi, na dawati la jinsia na watoto lipo katika vituo vya polisi.

Wiki nne zikiisha, vipimo vikiwa salama, usingizi na ratiba vimerekebishwa, na mtoto bado hatulii popote, omba rufaa ya kuonana na kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Wakati mkisubiri siku ya miadi, masomo yaendelee kwa vipindi vifupi vilevile, na fimbo ibaki ilipo.