Skuta ya kwanza ya mjini: tafuta mkanda kabla ya kutafuta skuta

Mwongozo huu ni wa mtu wa Dar es Salaam anayetaka skuta ya kwendea kazini na sokoni, hajawahi kumiliki chombo cha magurudumu mawili, na mfuko wake unampeleka kwenye iliyotumika. Wa mikoani mtarekebisha wenyewe; Mwanza na Unguja nimezigusia pale tofauti inapokuwa kubwa.

Kwanza elewa kwamba skuta si bodaboda iliyovalishwa plastiki. Haina mnyororo wala gia za mguu. Nguvu ya injini inafika gurudumu la nyuma kwa mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili, chini ya kava refu la upande wa kushoto. Fundi aliyezoea bodaboda anaweza kukufungulia kabureta amefumba macho, lakini akifika kwenye mkanda, wengi wao wanabahatisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya iko chini ya kava hilo.

Hatua ya 1: Ukubwa wa injini

Kama safari zako ni za mitaani tu, Sinza, Mwenge, Mikocheni, cc 110 inatosha. Ukitoka Mbezi Mwisho kwenda Posta kila siku, au ukibeba mtu, chukua 125. Mwanza, kwa vilima vile, anzia 125 hata kama unapanda peke yako. Cc 50 achana nayo: kwenye barabara kuu itakuacha katikati ya malori huku umeshavuta mafuta yote. Ya 150 haina ubaya, ila inakunywa zaidi, na kwenye foleni mnafika pamoja.

Hatua ya 2: Gurudumu

Soma ubavuni mwa tairi. Namba ya mwisho ndiyo rimu: 90/90-12 ni inchi 12, 90/100-10 ni inchi 10. Rimu ya 10 inatumbukia kwenye shimo ambalo ya 12 inalivuka, na mtikisiko wote unapanda kwenye mikono yako. TVS Jupiter ina 12 mbele na nyuma. Honda Activa za zamani zina 10 kote. Angalau ya mbele iwe 12. Hapa sina mjadala.

Hatua ya 3: Jua ni injini gani hasa

Usiamini stika. Skuta nyingi za Kichina zina injini ya familia moja iitwayo GY6, na jina lake halisi limegongwa kwenye chuma cha injini, upande wa kushoto kuelekea gurudumu la nyuma. Utaona mojawapo ya haya: 139QMB, 152QMI au 157QMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, na herufi Q inasema injini inapozwa kwa upepo wa feni. 139QMB ni cc 50, 152QMI ni 125, 157QMJ ni 150. Plastiki ikisema 150 na chuma kikasema 152, unanunua 125, na bei izungumzwe ya 125.

Za India ni rahisi zaidi. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Honda ya India inaanza na ME4, TVS inaanza na MD6. Herufi ya 10 mara nyingi ni mwaka: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024. Muuzaji akisema ya 2023 na herufi ni L, una cha kumuuliza. Zilizotumika Japani zina namba fupi yenye kistari, na vile vibambo vya kabla ya kistari ndivyo muuza spea atakavyokuuliza. AF34, kwa mfano, ni Honda Dio ya cc 50, hata ikipakwa rangi gani.

Hatua ya 4: Nenda Kariakoo bila hela ya skuta

Ukishajua injini, zunguka maduka ya spea za pikipiki uulizie vitu vitatu: mkanda, vile vigurudumu sita vya ndani ya puli ya mbele, na viatu vya klachi (vipande vya puli ya nyuma vinavyotanuka kushika gurudumu unapovuta mafuta). Usiulize kama spea zipo. Jibu la swali hilo ni "zipo" siku zote. Sema, "Naomba niuone mkanda." Ukikosa kuushika kwa mkono katika maduka mawili matatu, badilisha aina ya skuta, hata kama uliyoipata ni nzuri kama bibi harusi. Mkanda ukikatika njiani hakuna cha kuunga, unasukuma.

Kwa GY6, jina la injini halitoshi. Mkanda umeandikwa namba tatu: urefu, upana na nyuzi (digrii) za mteremko wa kingo zake. 152QMI yenye rimu ya 12 kwa kawaida inatumia 743-20-30, lakini ipo yenye kava refu na rimu ya 13 inayotumia 842-20-30. 139QMB nayo ina 669-18-30 kwa rimu ya 10. Kwa hiyo hapa unahakikisha tu kwamba zinauzwa. Kipimo cha mwisho utakisoma kwenye mkanda wenyewe ukifungua kava.

Unguja hesabu ni tofauti. Kule skuta yoyote inaitwa vespa, na Vespa yenyewe ya gia za mkononi ina wanaoijua. Injini yake ya kuchanganya oili na petroli ni rahisi kutengeneza, mradi ukumbuke asilimia 2: mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Kwa Dar es Salaam sikushauri uanze na hiyo.

Hatua ya 5: Fungua kava la kushoto

Unahitaji soketi ya namba 8, tochi, kipimo cha venia (cha kupimia unene kwa milimita), na ridhaa ya mwenye skuta. Muuzaji akisita si lazima awe tapeli. Huenda anaogopa kuharibiwa. Mwambie amwite fundi wake alifungue mbele yako. Akikataa na hilo, ama ondoka, ama ukate kwenye bei gharama ya mkanda, vigurudumu na klachi.

Bolti zina urefu tofauti. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake, maana bolti ndefu ikiingizwa tundu la fupi inapasua alumini. Kwa GY6 nyingi, kiki inatoka pamoja na kava. Likigoma kutoka, tafuta bolti uliyoisahau kabla ya kuchomeka bisibisi pembeni. Ipo.

Sasa tazama. Vumbi jeusi ni la kawaida, ni mpira uliosagika. Oili si ya kawaida kabisa. Ikiwa imelowa mbele, nyuma ya puli ya injini, sili ya krenki (mpira unaozuia oili kwenye mhimili wa injini) imechoka. Ikiwa imelowa nyuma, kwenye klachi, ni sili ya giaboksi. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, ila mkanda uliokunywa oili haufai tena. Kuuosha kwa petroli ni kujidanganya.

Soma namba za mkanda, kisha ukunje kidogo kinyumenyume utafute nyufa kati ya meno. Pima upana: ulioandikwa 20 ukisoma 19, umekwisha. Mkanda uliokonda hauwezi kupanda hadi ukingo wa puli ya mbele, kwa hiyo skuta inaondoka vizuri kabisa lakini mwendo wa juu haupo. Wengi hulaumu kabureta, wakanunua mpya, na tatizo likabaki palepale.

Kisha nati ya puli ya mbele, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo skuta nyingi zinapouawa na mafundi. Pembe za nati zikiwa zimeviringika, au ina alama za patasi, au mapezi ya feni ya puli hiyo yamevunjika, jua ilishafunguliwa kwa nyundo na bisibisi. Mapezi yaliyovunjika yanapunguza upepo wa mkanda na kuifanya puli izunguke bila mizani. Hilo bado ni dogo.

Kubwa ni namna ilivyorudishwa. Puli ya nyuma inabanwa na springi kali inayousukuma mkanda ukae juu, karibu na ukingo, kwa hiyo mbele mkanda unakuwa hauna nafasi ya kulegea. Asiyejua anavisha mkanda, anaweka sahani ya nje ya puli ya mbele, anakaza nati. Spana inagoma, naye anaridhika. Kumbe kilichobanwa ni mpira, uliokaa kati ya sahani mbili. Sahani ya nje haijafika kwenye bomba la chuma inapotakiwa kukaa. Ukiwasha, mkanda unapanda na kuachia, nati inabaki imelegea, na sahani inaanza kucheza juu ya meno ya ncha ya krenki. Siku chache tu meno yamelika. Yakiisha, dawa ni krenki mpya, maana yake injini nzima inapasuliwa.

Kwa hiyo tazama meno hayo kwa tochi. Unga wa chuma unaong'aa karibu na nati, au sahani inayotikisika ukiishika kwa mkono, hiyo skuta usiinunue kwa bei yoyote. Usikubali "nitakuwekea washa," yaani ringi nyembamba ya chuma chini ya nati. Washa ndiyo plasta ya ugonjwa huu.

Namna sahihi ya kurudisha, na umsimamie fundi yeyote mpaka afanye hivi: panua puli ya nyuma kwa mikono miwili, ukisukuma mkanda uzame ndani kuelekea katikati, na uubane pamoja hapo nyuma kwa mkono ili usirudi. Mbele sasa mkanda unalegea. Visha sahani ya nje mpaka iguse chuma, meno ya krenki yakiwa yamejitokeza ndani ya tundu lake, ndipo nati iingie kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, mkanda umebanwa, rudia mwanzo. Mshale ulioandikwa kwenye mkanda uelekee upande mkanda unakozungukia skuta ikienda mbele. Ukishakaza, zungusha puli kwa mkono mara kadhaa: mkanda wa mbele ukaze taratibu wenyewe, bila kuruka.

Lingine la Dar es Salaam: maji. Aliyepita Jangwani wakati wa mafuriko ameingiza maji humu kupitia njia ya hewa ya mkanda, na pengine hadi giaboksi. Kutu kwenye bakuli la klachi inakuambia hivyo. Legeza bolti ya kumwagia oili ya gia uone rangi: nyeupe kama maziwa ni maji.

Hatua ya 6: Washa na uendeshe

Fika bila kutangaza saa, na uguse injini kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, imeshawashwa ili ikudanganye. Subiri ipoe. Iwashe kwa kiki, si kwa selfu peke yake. Selfu inategemea betri, kiki inakuonyesha mgandamizo. Moshi wa bluu usioisha ni ringi au sili za valvu.

Ondoka taratibu ukiwa umepakia mtu. Ikitetemeka inapoanza kuondoka, viatu vya klachi vimeng'arishwa na joto au vina oili. Injini ikinguruma lakini chombo kikachelewa kufuata, mkanda unateleza. Ikivuta kwa kukwamakwama katikati ya mwendo, vile vigurudumu sita vimepata ubapa. Ikisimama kwenye taa huku ikitaka kukimbia, silensa (kasi ya injini usipovuta mafuta) iko juu au springi za klachi zimechoka.

Hatua ya 7: Karatasi

Kadi halisi, si nakala. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na chuma chenyewe, kwa kusoma na kugusa: namba iliyochongwa upya ina kingo kali na chuma kilichosuguliwa. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. "Ni ya shemeji" isikuridhishe, shemeji aje. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya usajili kabla ya kulipa, kwa sababu deni linafuata chombo. Andikishaneni mkataba, mkabadilishe umiliki TRA. Bima, leseni ya pikipiki na helmeti mbili unavijua.

Hatua ya 8: Siku ileile

Badilisha oili ya injini, karibu lita 0.8 kwa GY6, na oili ya gia ya nyuma, mililita 100 hadi 120. Hii ya pili ina bolti yake na watu huisahau miaka. Andika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kiti: namba ya mkanda uliousoma, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Ukikatikiwa Buguruni saa mbili usiku, unampigia mwenye duka na kumtajia namba tu.