Idara ya michezo ya chuo ikizama kwenye madeni: pa kuanzia

Mwenye basi, muuza jezi na mpishi wakianza kudai kwa pamoja, usikimbilie kufuta timu. Fungua daftari la madeni: mdai, kiasi, tarehe ya ankara, na kama kuna LPO (hati rasmi ya chuo ya kuagiza bidhaa au huduma) iliyotiwa sahihi. Deni lisilo na LPO lipe ukurasa wake, kwa sababu mhasibu hatalilipa mpaka uongozi uliidhinishe, na hapo ndipo mengi hukwama miaka nenda miaka rudi.

Kisha uliza uhasibu ada ya michezo ya wanafunzi inaingia wapi. Ikiwa imechanganywa na akaunti kuu ya chuo, mishahara ikibana ada hiyo huliwa kwanza. Omba kwa barua itengewe kifungu chake, na uletewe salio kila mwezi. Bila hilo, unateka maji kwa pakacha.

Pesa nyingi huishia barabarani. Tuseme chuo kiko Mombasa na mechi ni Nairobi: ni kama kilomita 480. Kwenda na kurudi, 960. Wengi hukomea hapo. Ongeza mizunguko ya malazi na uwanjani, tuseme 120, upate 1,080. Basi linalokwenda kilomita 4 kwa lita litataka lita 270, si 240. Hizo 30 zilizosahauliwa ndizo kocha hukopa kwa jina la chuo. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 kila mwezi, basi safari ya tarehe 20 isipigiwe hesabu kwa bei ya zamani. Weka na usiku mmoja wa akiba: timu ikifuzu, italala.

Mechi ikiwa ng'ambo ya Likoni, wachezaji wavuke feri kwa miguu, hawalipi, wapande matatu ya kukodi upande wa pili.

Masurufu, yaani pesa za safari zilizotolewa mapema, yatolewe hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi. Ndivyo zisemavyo kanuni za Kenya za fedha za umma za 2015, na anayechelewa hukatwa mshahara. Kwa hiyo karatasi ya posho isafiri na timu. Kila mchezaji atie sahihi pale pale noti zinapomfikia mkononi. Kutafuta sahihi 22 baadaye, wengine wakiwa likizo Lamu na Taveta, ndiko kunakozaa sahihi za kughushi.

Kabla ya kununua vifaa, hesabu stoo. Chumvi ya bahari hula milingoti ya chuma ya magoli. Ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya masika.

Mwisho wa mwaka wa fedha ni 30 Juni. Ankara zote zifike uhasibu mwezi mmoja kabla, na mwenye basi awe wa kwanza kwenye orodha ya malipo.