Kuzungumza uzito na mgonjwa bila kumhubiria

Kliniki yetu ya presha na sukari ipo Temeke, na foleni ya asubuhi inatoka mpaka nje. Kwa haraka hiyo wengi wetu tunakimbilia hotuba: punguza mafuta, acha soda, fanya mazoezi, haya, mwingine! Mgonjwa anaitikia "sawa nesi", akivuka geti anaagiza chipsi mayai. Si kiburi. Hayo yote anayajua tangu zamani.

Mimi natumia njia ya William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeiandika mwaka 1983 kutokana na kazi yake na walevi, kisha akaiendeleza na mwanasaikolojia mwenzake, Stephen Rollnick. Kiini chake: sababu za kubadilika azitaje mgonjwa, si wewe.

Anza kwa kuomba ruhusa. "Shikamoo mama. Tunaweza kuzungumzia uzito kidogo leo, au kuna linalokusumbua zaidi?" Akisema magoti, anza na magoti, uzito mtaufikia tu. Neno "bonge" liache mtaani, hata akijiita hivyo mwenyewe.

Halafu uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Siku yako ya kula inakwendaje?" Muuza maandazi wa Mbagala atakueleza kwamba anaamka usiku kukanda unga, na yanayododa ndiyo mlo wake wa mchana. Usirukie ushauri. Mrudishie alichosema: "Kwa hiyo kuyatupa ni kutupa hela." Kisha nyamaza. Kunyamaza kunatushinda sana manesi. Ukivumilia, huendelea mwenyewe: "Ndiyo, ila nikipanda ngazi pumzi inakata." Hiyo "ila" idake, mwombe akueleze zaidi.

Sasa mpimie utayari: "Kuanzia sifuri hadi kumi, kupungua kuna umuhimu gani kwako?" Akitaja nne, usimuulize mbona si nane, maana ataanza kujitetea. Muulize mbona si moja. Hapo utasikia habari za wajukuu, magoti, dawa za presha zinazoongezwa kila akirudi.

Jiandae na hofu moja ya hapa mjini: akikonda, majirani watasema ana ngoma, yaani UKIMWI, au mume hamtunzi. Usicheke. Mrudishie: "Unahofia maneno ya watu." Kisha omba kumpa taarifa: kwa mtu wa kilo 100, kupungua kilo 5 hadi 10 tu kunaweza kusaidia presha na sukari. "Hilo unalionaje?"

Mwisho achague jambo moja, yeye. Akisema chai ya jioni bila sukari, liandike kwenye daftari lake kwa maneno yake. Akirudi, ulizia chai kabla ya kumpandisha kwenye mizani. Ila kama anatumia insulini au vidonge vya sukari na anataka kupunguza milo, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Dozi huenda ikahitaji kurekebishwa, asije akashukiwa na sukari akiwa kwenye daladala.